Nyuzi Zilikufa, Nikalisingizia Gitaa

Miezi mitatu nililisingizia gitaa langu. Nikipiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) za chini, karibu na kichwa, sauti iko sawa. Nikipanda kuanzia freti ya 7 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), inayumba. Siku moja tunapiga kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, huko Njeru, mpiga kinanda akanigeukia mara tatu katika wimbo mmoja. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Jumatatu nikalipeleka kwa fundi, nikamwambia shingo imepinda. Hata mezani hakulilaza. Alipitisha ukucha chini ya uzi wa nne, akanionyesha uchafu mweusi kama masizi ya sufuria. "Mtoto wa afande, nyuzi hizi ulizifunga lini?" Nikahesabu. Kabla ya Pasaka, na sasa Krismasi ilikuwa inabisha hodi. "Zimekufa hizi. Weka mpya, ndiyo uje tuzungumze habari za shingo." Sikuwa na sababu ya kurudi.

Nimekulia kambi ya jeshi hapa Jinja, na gitaa la kwanza nililoshika alilitengeneza mjomba kwa debe la mafuta na nyaya za breki ya baiskeli. Kwa mjomba, uzi hubadilishwa ukikatika. Nikakua na imani hiyo. Kumbe uzi hufa zamani kabla ya kukatika.

Uzi mnene ni waya uliozungushiwa waya mwingine mwembamba, na kati ya mizunguko hiyo ndimo jasho, mafuta na ngozi ya vidole vinapojikusanya. Unakuwa mzito hapa, mwepesi pale. Chini yake nako, freti zinauchimba vishimo. Uzi wa namna hiyo hautetemeki sawasawa, kwa hiyo hata ukiupanga sauti vizuri ukiwa wazi, bila kubanwa, ukiubana juu unakudanganya. Na mng'ao wa sauti hutangulia kuondoka, polepole mno, sikio likazoea. Hilo ndilo lililonipata mimi.

Siku hizi napima hivi. Nagusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, bila kuubana, nautoa ule mlio wa kengele. Kisha naubana palepale na kuupiga. Sauti mbili zikitofautiana na nyuzi ni za zamani, nabadilisha nyuzi kwanza. Zikitofautiana na nyuzi ni mpya, hapo fundi ana haki ya pesa yangu. Kutu kwenye zile mbili nyembamba sihitaji kuipima, kidole chenyewe kinakwaruzwa.

Kwa mazoezi mara mbili kwa wiki na sherehe za Jumamosi, zangu hufika wiki sita hivi. Jasho langu ni kali, na hewa ya karibu na ziwa ina unyevu. Binti wa jirani anayejifunza polepole, zake zinapita nusu mwaka.

Kuzitunza ni kazi ndogo inayochosha kwa sababu ni ya kila siku: kunawa mikono kabla (ukitoka kula rolex, ile chapati ya mayai, usiguse gitaa, tafadhali), na baada ya kupiga, kubana kila uzi kwa kipande cha fulana ya pamba na kuufuta toka juu hadi chini, upande wa chini pia. Rafiki yangu alizipaka Vaseline zisipate kutu. Vumbi lote la barabara ya Kamuli lilihamia kwake. Mwingine huzichemsha. Ni kweli zinang'aa siku mbili tatu, lakini vishimo havichemki vikaisha.

Wakati wa kufunga mpya, natoa moja naweka moja, mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi cha kukazia, nauvuta taratibu kwa vidole, napanga tena, mpaka uache kulegea. Na kama gitaa lako ni la nyuzi za nailoni, usilifunge za chuma. Seti ya chuma huvuta kilo 70 na zaidi, ya nailoni kama 40. Kanisa moja ninalolijua, daraja la gitaa, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni, lilibanduka katikati ya ibada, likatoka na kipande cha mbao.

Nyuzi kuukuu sizitupi. Ule wa kwanza, mwembamba, mama ameuchukua. Anakatia miche ya sabuni, na anasema hakuna kisu kinachoufikia.