Kilo si uzito

Mpwa wangu yuko Form One, juzi kaja na daftari la fizikia kanuna kweli. Kaulizwa mtu mwenye tungamo la kilo 50 uzito wake ni kiasi gani, kaandika kilo 50, kapata kosa. "Mjomba, si ndo tunavyosema?" Na kweli ndo tunavyosema, kliniki, sokoni, hadi kwenye ngumi, uzito ni kilo basi. Mi siwezi kumlaumu mtoto hapo, maana mtaani neno moja linabeba vitu viwili halafu darasani anatakiwa avitenganishe tu ghafla.

Nikamchukua tukaenda soko la Tandale. Muuza mchele mmoja bado anatumia mizani ya mawe, ile ya sahani mbili, huku jiwe huku mchele. Nikamwambia angalia, dunia inavuta pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo hata ukiipeleka mwezini kilo ya mchele italingana na jiwe lake vilevile, hapo unapima wingi wa kitu chenyewe, ndo tungamo hilo. Halafu tukaenda kwa muuza samaki mwenye mizani ya kuning'iniza, ile ina springi ndani, dunia inamvuta samaki, samaki anavuta springi, mshale unashuka. Hiyo inapima mvuto, na mvuto ni nguvu, nguvu tunapima kwa Newton, ila aliyeitengeneza kaandika kilo pale usoni kwa sababu anajua dunia inavuta kiasi gani. Kila kilo moja dunia inaivuta kwa Newton 9.8 hivi, kwa hiyo zidisha 50 kwa 9.8 unapata Newton 490. Ndo jibu lililotakiwa.

Mizani ya springi ukienda nayo mwezini, mtu wa kilo 50 itamsoma 8 na kidogo, na mtu hajapungua hata unywele. Hata hapa duniani mvuto haulingani: ikweta ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia 9.83. Mfaransa Jean Richer alikutana na hili mwaka 1672, saa yake ya pendulamu, ile inayoendeshwa na kipande kinachobembea huku na huku, iliyokuwa inaenda vizuri Paris ilipofika Cayenne karibu na ikweta ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Saa yenyewe haikuwa na ubovu wowote, mvuto tu ndo mdogo kule, kwa hiyo pendulamu inabembea polepole zaidi! Mimi hiyo habari naipenda sana, natamani kila mwalimu aanze nayo kabla ya kuandika fomula ubaoni.

Njiani dogo akaniuliza, kwa hiyo mwezini naweza kubeba gunia la kilo 100? Nikamwambia kulinyanyua ndio, utalisikia kama kilo 16 au 17 hivi za hapa, lakini mtu akikurushia hilo gunia kifuani kwa spidi ileile litakupiga sawasawa na la Tandale, kwa sababu tungamo limebaki lilelile.