Shirika la ndege la visiwani lilivyoondoka

Juzi kwenye meli ya Nansio, kijana mmoja alikuwa analalamika: Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote Ziwa Victoria, kwa nini hatuna hata kashirika ketu ka ndege? Nikamwambia, "Mdogo wangu, kaa nikusimulie habari za LIAT."

Hilo lilikuwa shirika la visiwa vya Karibiani. Lilianza 1956 kule Montserrat, Frank Delisle akiwa na kindege cha Piper Apache, anapeleka watu Antigua na kuwarudisha. Likakua mpaka likawa daladala ya angani: mwanafunzi, mfanyabiashara, wachezaji wa kriketi, wote humo humo. Watu walilisema sana kwa kuchelewa na kupoteza mizigo, ila walipanda tu. Wangefanyaje?

Kilicholiua ni hesabu. Safari fupi fupi ni gharama, maana ndege haijakaa sawa angani inatua tena. Abiria wachache, na kodi zinarundikwa kwenye tiketi mpaka nauli inatisha. Serikali zenye hisa, zikiwemo Barbados na Antigua na Barbuda, zikawa zinamwaga pesa tu. Korona ikalimaliza nguvu 2020, na Januari 24, 2024 likafunga kabisa.

Binafsi naona serikali ikitaka ndege ya visiwani, ianze kwa kupunguza hizo kodi.

Kijana bado alikuwa anabisha. Mama aliyekaa na matenga yake ya nyanya akadakia: "Haya baba, na haya matenga kwenye hiyo ndege yenu nitayaweka wapi?"