Chini ya Plastiki Nyeusi

Muuzaji alianza kutuonyesha pikapu kwa upande wa nyuma. Alishusha mlango, akapiga kofi juu ya laina nyeusi ya plastiki iliyofunika sakafu na kuta zote za bodi, akasema, "Tazameni wenyewe. Bodi ya gari hili haijawahi kuguswa na mzigo." Plastiki ilikuwa imesuguliwa kwa mafuta mpaka inang'aa. Kaka yangu akaitikia kwa kichwa. Nilimwona tayari anahesabu safari.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa 2021, siku zile Nakuru ikingoja kupewa hati ya kuwa jiji, na sisi wawili tulikuwa tukitafuta gari la kutushushia viazi kutoka Mau Narok. Miaka yote tulikuwa tunakodi. Anayekodi hupakia saa anayotaka mwenye gari na hushuka saa anayotaka mwenye gari, na mvua ikishika kule juu, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, mwenye gari hapatikani. Viazi vinabaki shambani vikingoja kuoza. Tuliuza ng'ombe, Mama akaongeza fedha za chama chake, tukaanza kutafuta pikapu ya Isuzu D-Max iliyotumika, ya kabini moja, ya kubeba tani moja. Tani moja ni magunia 20 ya kilo 50, mradi ukatae lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita mdomo.

Mjomba alikuja nasi. Amenyoosha bodi za magari katika gereji za jua kali mjini Nakuru tangu mimi sijaanza shule. Injini alimwachia fundi mwingine tuliyekuwa naye. Yeye alilala chali chini ya gari, akapapasa bati la bodi kutoka chini, akatoka na vidole vyekundu. Kisha akamwambia muuzaji kwa upole, "Mzee mwenzangu, tuitoe hiyo plastiki."

Muuzaji alisema imekaa humo tangu gari likiwa jipya, skrubu zimeshikana, itapasuka. "Ikipasuka nitailipa mimi," Mjomba akamjibu, na spana ilikuwa mkononi tayari. Kaka alinivuta kando akaninong'oneza kwamba tutamuudhi mwenye gari, apandishe bei. Nilimwambia tungoje. Fedha ile ilikuwa na jasho la Mama ndani yake, na nilitaka kuona kila sehemu yake inakokwenda.

Laina ilitoka kwa shida, vipande viwili. Chini yake kulikuwa na tabaka la matope yaliyogandamana, punje za ngano zilizochipua zikafa, na chembechembe nyeupe za mbolea ya CAN kwenye pembe. Rangi ya bati ilikuwa imelika kwa mistari mirefu, kila mstari ukifuata tuta la plastiki lililokuwa juu yake. Karibu na kabini, kwenye tundu la skrubu, bati lilikuwa limetoboka kabisa. Tuliona nyasi chini. Muuzaji alisimama pale mdomo wazi, na mpaka leo naamini hakujua. Angejuaje? Kwa juu kila kitu kilikuwa kizima.

Mjomba alitueleza huku akichokonoa kutu kwa bisibisi. Laina ya aina ile haigundishwi. Inatumbukizwa tu ndani ya bodi na kushikwa kwa skrubu chache. Gari likitembea, hasa barabara za vumbi na mashimo, plastiki hucheza. Mchanga ukiingia katikati, plastiki na mchanga vinakuwa msasa. Maji huingia kwenye kingo na matundu ya skrubu, na yakishaingia hayana jua wala upepo wa kuyakausha. Ongeza mbolea, ambayo ni chumvi na hunyonya unyevu hata wa hewani, na bati limekwisha. "Plastiki hii ni nzuri kwa mikwaruzo," alisema. "Ukiangusha jiwe, haibonyei. Lakini inataka kutolewa na kuoshwa chini yake, na hakuna anayeitoa."

Bei ilishuka. Ilishuka vizuri hata Kaka akanyamaza, kwa sababu injini na chasisi zilikuwa safi na bati la sakafu linaweza kukatwa na kuunganishwa. Tukalinunua. Siku ya pili lilikuwa gerejini kwa Mjomba, sakafu imekatwa pale ilipooza, bati jipya limechomewa, na sisi watatu tumekaa juu ya magurudumu ya zamani tukibishana ni kitu gani kiwekwe juu yake.

Kaka alitaka sprei. Alikuwa ameona video za namna inavyofanywa. Dawa mbili hupashwa moto, hukutanishwa kwenye mdomo wa bunduki kwa shinikizo kubwa, na zikigusa bati hukauka kwa sekunde chache tu, zikaacha ngozi ngumu ya mpira yenye chembechembe, unene wa milimita 2 au 3. Ngozi hiyo inashikana na bati lenyewe, kwa hiyo maji hayapati pa kupita. Mjomba hakuidharau. Alisema ikifanywa sawasawa, hiyo ndiyo ya kwanza. Lakini kufanywa sawasawa ndiko kulikomtia shaka. Lazima bati lisuguliwe lote kwa msasa, liwe halina hata alama ya mafuta wala doa la kutu, na kazi hiyo ya maandalizi ndiyo inayochosha na ndiyo inayofichika. Kutu ikibaki chini itaendelea kula gizani, na safari hii hata spana haitakusaidia. Na bodi yetu ilikuwa imechomewa juzi. Kama kiungo kimoja kingefunguka, tungelazimika kuchoma tena, na moto wa kuchomea ungeiunguza ile ngozi. Tena wenye mashine tuliowapata walikuwa Nairobi, bei yao ilikuwa mara tatu ya kitu chochote tulichoulizia Nakuru, nao msimu wa kuvuna ulikuwa umetufikia mlangoni.

Mimi nilikuwa nikifikiria chekapleti, yale mabati yenye vinundu ambayo pikapu nyingi za Nakuru zimefungwa. Yanapendeza na yanastahimili mapigo. Mjomba aliniuliza, "Ya chuma au ya alumini?" Ya chuma, alisema, utabeba uzito wake kila siku, na kila kilo ya bati ni kilo ya viazi iliyobaki shambani. Ya alumini ni nyepesi, lakini alumini ikilala juu ya chuma na katikati kukawa na maji ya mbolea, metali moja huanza kuila nyingine. Na yote mawili hupigwa riveti, maana yake matundu mapya, na chini hapaonekani. Hapo nikaanza kuelewa anakotupeleka. Kila kitu alikipima kwa swali moja: utaliona bati lini tena?

Halafu akafanya jambo ambalo lilimaliza ubishi zaidi ya maneno. Alichukua kile kipande kikubwa cha laina ya zamani, akakilaza kwenye njia ya saruji yenye mteremko pale gerejini, akamwagia maji kidogo na kuweka juu yake kreti iliyojaa vyuma. Kreti iliteleza mpaka chini ikagonga ukuta. Akaleta kipande cha mkanda mzito wa konveya, ule wa kusafirishia mizigo, uliokwishatumika kiwandani, raba yenye nyuzi ndani, akakilaza palepale, akakimwagia maji yaleyale. Kreti ilikaa. Kaka aliisukuma kwa mguu, ikasogea kidogo tu. Nilifikiria mteremko wa kutoka Mau Narok kuelekea Njoro, mvua inanyesha, magunia hayakujaa bodi, na dereva anakanyaga breki kwenye kona. Mzigo unaohama nyuma yako unaweza kukuangusha.

Tukachagua raba. Bati lilipakwa praima ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mara mbili, likaachwa likauke vizuri. Mjomba alifungua matundu ya kutolea maji yaliyokuwa yamezibwa na matope kwenye pembe za bodi. Mkanda ulikatwa vipande viwili badala ya kimoja, kwa sababu raba nene ni nzito na alitaka kila kipande kiweze kuinuliwa na mtu mmoja. Kuta hazikupata raba. Tulifunga mbao tatu kila upande, zikiwa na nafasi nyuma yake hewa ipite. Raba nayo hushika maji chini yake, hilo hakutuficha. Tofauti ni kwamba unaikunja, unaisimamisha ukutani, unamwaga maji, unaona.

Kabla hatujaondoka alitukumbusha kitu kingine, kwa kuwa alijua Kaka hubeba mtungi wa petroli wa pampu ya maji. "Mkifika kituoni, mtungi ushuke chini. Usijazwe ukiwa juu ya gari." Petroli ikitiririka ndani ya mtungi huzalisha umeme tuli. Mtungi ukiwa ardhini na mdomo wa pampu ukiugusa, umeme huo unapata njia ya kuondoka. Ukiwa juu ya laina ya plastiki unakosa njia, na cheche moja ndogo kwenye mvuke wa petroli inatosha. Raba haina tofauti na plastiki kwa hilo. Niliwahi kumwona mhudumu akikataa kujaza mtungi ulio ndani ya pikapu, na mwenye gari akamfokea. Siku ile nilijua mhudumu yule alikuwa anayalinda maisha ya wote waliokuwa pale.

Safari ya kwanza tulishuka na magunia 20, yote ya kilo 50. Mvua ilitupata kabla ya Njoro. Tulipomaliza kuteremsha mzigo sokoni tukaenda nyumbani Lanet, tukainua raba zote mbili, tukapiga maji. Matope yalikuwepo, hilo halizuiliki, lakini yalitoka kwa ufagio, na rangi ya Mjomba ilikuwa haina hata mkwaruzo. Kaka aliinama akapitisha kiganja kwenye kiungo cha bati jipya.

"Sakafu sawa," akasema. "Lakini kingo za juu zitapigwa kamba kila siku. Hizo nitazipaka ile rangi ya mpira ya kupaka kwa rola."

Nilimwambia asugue kwanza. Alisugua Jumamosi nzima.