Mpira umeanguka, mpigaji katoka

Kila nikirudi likizo Kigoma, vijana wa Kibirizi wananidai niwaeleze besiboli. Safari hii ilikuwa sheria ya infildi-flai, yaani ya mpira uliopigwa juu ukabaki karibu. Kwenye simu yangu waliona mpira ukianguka chini bila kudakwa, na mpigaji bado akatolewa.

"Mjomba, hapo si kaonewa?" mpwa wangu akauliza.

Hajaonewa. Nikapanga mawe manne mchangani: matatu yawe besi, vituo anavyokimbilia mchezaji, na moja mahali pa mpigaji; vijana wawili wakasimama besi ya kwanza na ya pili. Mpigaji anapiga, mpira unapaa juu, karibu tu, mlinzi wa ndani, yule anayesimama karibu na besi, anaweza kuudaka bila taabu. Ukidakwa, mkimbiaji aliyeacha besi yake anaweza kutolewa. Ukianguka, mpigaji anakuja besi ya kwanza, aliyepo lazima ampishe, na wa pili lazima aende ya tatu. Basi wakimbiaji wanabaki karibu na besi, wakisubiri. Mlinzi mjanja anauacha udondoke makusudi, anaurusha besi ya tatu, kisha unarushwa ya pili kabla wakimbiaji hawajafika, na wawili wamekwisha. Ulaghai huo ndio uliozaa sheria hii, iliyoingia ligi ya National ya Marekani mwaka 1895.

Dawa yake ni mwamuzi kuinua mkono: mpigaji ametoka, mpira udakwe usidakwe. Akishatoka, hakuna wa kupishwa, wakimbiaji wana haki ya kukaa. Lakini mpira uko hai. Ukianguka na wakaamua kukimbia, ni kwa hatari yao, na mlinzi lazima amguse mkimbiaji mwenyewe. Kukanyaga besi hakutoshi.

Sheria inafanya kazi tu kukiwa na watu besi ya kwanza na ya pili, au zote tatu zikijaa, na timu inayopiga haijapoteza wawili. Mpira ulionyooka kwa kasi haumo. Na mkimbiaji akiwa mmoja tu, besi ya kwanza? Sheria haihusiki, maana mpigaji akikimbia kwa bidii anafika besi ya kwanza kabla walinzi hawajatoa wawili.

Ugomvi uko kwenye hilo "bila taabu". Huku Atlanta ninakoishi, watu bado wanaumia na Oktoba 5, 2012, timu yao ya Braves ilipocheza na Cardinals mechi ya mtoano. Braves wakipiga, mpira ulipaa hadi kwenye nyasi za kushoto, mlinzi wa ndani wa Cardinals akarudi nyuma kuufuata, akauacha, ukaanguka. Mwamuzi akatangaza infildi-flai. Mashabiki wakarusha chupa, mchezo ukasimama dakika 19, na Braves wakapoteza 6-3.

Wengi wanalalamika kwamba ulikuwa mbali mno. Hoja hiyo siikubali, kwa sababu sheria haina mstari wa umbali. Inatazama kama mlinzi wa ndani angeudaka kwa juhudi ya kawaida. Kinachonisumbua ni kwamba mkono uliinuliwa mpira ukikaribia kutua. Sheria ipo kumlinda mkimbiaji, na kwa wakati ule hakuna aliyelindwa. Mpwa wangu hakubaliani nami: anasema mlinzi alishafika chini ya mpira, akaupisha mwenyewe, na mwamuzi asingeweza kujua hilo mapema.