Mimi mwembamba, ila ini langu lilikuwa na mafuta

Nilipojitolea kumpa kaka yangu kipande cha ini nilijua nitapimwa grupu la damu, moyo, figo, na kuulizwa mara tatu tatu kama kuna mtu ananilazimisha. Mafuta hata sikuyawaza. Mimi mwembamba, nguo za miaka kumi nyuma bado zinanikaa, sasa mafuta yatoke wapi? Kumbe ya ini huwezi kuyajua kwa kumwangalia mtu.

Ishu iko hivi. Mtu mzima akimpa mtu mzima mwenzake mara nyingi anakatwa upande wa kulia, yani kama asilimia 60 ya ini lote, na kile kinachobaki ndo anaishi nacho mpaka ini likue tena, kwa hiyo madaktari wanataka kibaki angalau kama asilimia 30. Ini likiwa na mafuta mengi linasuasua kukua, na kile kipande kilichotolewa kinaumia zaidi kikikaa nje bila damu. Mnaumia wawili. Vituo vingi vikiona mafuta yako kwenye zaidi ya asilimia 30 ya seli hawakuchukui, na wengine wanaanza kusita kwenye 10.

Njia ya zamani ni biopsi, sindano inapita katikati ya mbavu inatoka na kinyama chembamba kama uzi, kama sehemu moja tu kati ya elfu 50 za ini zima, na mafuta yenyewe hayakai sawasawa kila mahali. Damu inaweza kuvuja pia. Ni mara chache, najua, ila jamani mtoaji ni mtu asiyeumwa chochote, kila tundu unalomtoboa lazima liwe na sababu.

Kwangu walianza na ultrasaundi, ini likaonekana linang'aa kuliko figo, ambayo ni dalili ya mafuta, lakini ultrasaundi haikwambii ni kiasi gani na mafuta yakiwa machache inayapita kabisa. Ikaja siti skani bila dawa ya mshipani, hapo wanalinganisha ini na bandama. Ini zuri linatakiwa liwe jeupe kidogo kuliko bandama, likiwa jeusi kuliko bandama kwa uniti 10 na zaidi za kipimo cha siti skani ni dalili ya mafuta mengi. Langu lilikuwa sawasawa na bandama. Hujui ulie au ucheke.

Ndo nikapelekwa MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku kubwa. Ndani ya ile sumaku protoni (chembe ndogo ndogo sana) za maji na protoni za mafuta hazitetemeki kwa kasi moja, basi mashine inazitenganisha na kuhesabu mafuta ni asilimia ngapi, tena kwenye ini lote, hakuna mionzi, hakuna sindano. Unabana pumzi sekunde chache tu imeisha.

Jibu likatoka asilimia 9. Nikashangilia, chini ya 10! Dokta wa redioloji akanikalisha chini taratibu, "Dada yangu, hizi asilimia sio zile za biopsi." Na hapa ndo nataka kila anayefikiria kutoa aelewe, maana watu wengi wanachanganya. Kwenye biopsi wanahesabu katika seli 100 ni ngapi zina tone la mafuta. MRI inapima mafuta yenyewe ni kiasi gani ukilinganisha na maji, na seli yenye tone bado sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo namba ya MRI huwa ndogo, na ikipita kama 5 tu tayari unahesabiwa una mafuta. Ile 9 yangu kwa biopsi ingesoma juu zaidi.

Hawakunikataa. Waliniambia nikapunguze sukari, pombe nisiguse, nitembee kila siku, halafu nirudi. Na hapo ndo nilipoipenda hii njia, maana kurudia picha hakukugharimu damu, nani angekubali kuchomwa sindano ya ini kila baada ya wiki kadhaa kuangalia kama juhudi zinazaa? Biopsi haijafutwa lakini, vipimo vya damu vikionyesha ini huenda limewaka, yani seli zake zinaumia na kuvimba, bado wanaweza kuihitaji, kwa sababu picha ya mafuta haionyeshi huko kuwaka.

Nimerudi baada ya wiki 10. Imesoma 4. Nikampigia kaka palepale koridoni, akanyamaza muda mrefu kwenye simu halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, umekula lakini leo?"