Kwa Treni hadi Springfield, Nikiifuata Picha ya Msiba wa Lincoln

Niliondoka Chicago asubuhi kwa treni ya kwenda Springfield, Illinois, nikiwa na nakala ya picha ya jeneza la Abraham Lincoln, Rais wa Marekani aliyeuawa, iliyopigwa New York tarehe 24 Aprili 1865. Reli hupita Joliet, Bloomington na mji mdogo wa Lincoln, uliopewa jina lake yeye mwenyewe akiwa bado wakili tu, na ndiyo njia ambayo mwili wake ulipitishwa usiku wa kuamkia Mei 3, ukipelekwa kuzikwa.

Mashamba ya mahindi yalipotanda pande zote mbili, niliitoa picha nikaitazama tena. Jeremiah Gurney aliipiga akiwa juu, ndani ya City Hall, jengo la serikali ya jiji la New York. Jeneza liko wazi katikati ya vitambaa vyeusi, na uso wa marehemu hauonekani vizuri. Wanaoonekana ni maafisa wawili waliosimama wima kulilinda, Admeri Charles Davis upande mmoja na Jenerali Edward Townsend upande wa pili, wametulia kama kamera za zama zile zilivyodai.

Waziri wa Vita, Edwin Stanton, alighadhabika alipopata habari, akaamuru vioo vya picha viharibiwe. Townsend, aliyeusimamia msafara wa mazishi, alikiri kwamba ruhusa aliitoa yeye. Lakini nakala moja ilimfikia Stanton, naye akaitunza. Mwaka 1887 mwanawe alimpelekea John Nicolay, aliyekuwa katibu wa Lincoln, kisha ikasahauliwa miongoni mwa makaratasi hadi mwaka 1952, kijana wa miaka 14 alipoikuta hukuhuku Springfield. Naelewa kwa nini waziri alitaka kumsitiri maiti, na bado nashukuru kwamba mkono wake ulisita mbele ya ile nakala moja.

Kutoka kituoni nilitembea hadi jengo la zamani la bunge la jimbo. Katika ukumbi wa wawakilishi, ambamo Lincoln alihutubia mwaka 1858 kuhusu nyumba iliyogawanyika, yaani nchi iliyogawanyika juu ya utumwa, ndimo alimolazwa ili wenyeji wamuage, nao wakapita mbele ya jeneza usiku kucha hadi asubuhi ya Mei 4, siku aliyozikwa katika makaburi ya Oak Ridge. Maktaba inayoihifadhi picha ya Gurney iko mtaa huohuo, umbali wa dakika chache kwa miguu, nami nikaelekea huko.