Mke Mwenza Aitwaye Uhabeshi

Tikiti ya basi ilikuwa imeandikwa 11:00. Ilikuwa Agosti 1994, upande wa Ethiopia wa mji wa Moyale, na nyuma yangu kwenye foleni walikuwako vijana wawili wa Kizungu wenye mabegi makubwa mgongoni. Walitazama tikiti zao, wakatazama saa zao, wakafurahi kwamba asubuhi watalala mpaka wachoke. Mimi nililaza kichwa kwenye kiganja, kisha nikamwonyesha karani kwa mkono jua linavyochomoza. Akavuta pumzi kwa ndani, hh, kama mtu aliyeshtuka. Baadaye nilikuja kujua kuwa hivyo ndivyo wanavyosema "ndiyo". Niliwageukia wale vijana nikawaambia basi linaondoka alfajiri. Walinishukuru kwa adabu, wakaendelea kuziamini saa zao.

Basi liliondoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado limetanda. Viti viwili vilikuwa vitupu.

Wahabeshi huhesabu saa kama sisi. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likipanda kidogo ni saa moja, na hata neno lenyewe ni jamaa: sisi tunasema saa, wao se'at. Nimezunguka kidogo, nimefika India na Misri, lakini hakuna kwingine nilikokwenda nikaikuta saa ya mamangu ikifanya kazi stendi. Nadhani mapenzi yangu na nchi ile yalianzia kwenye ile tikiti.

Au yalianza kabla. Nilikulia Mji wa Kale, Mombasa, na chuoni, tulikosoma Kurani, tulisomeshwa habari za Najashi, mfalme wa Habasha asiyemdhulumu mtu, aliyewapokea masahaba waliokimbia mateso ya Makka. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele yake akasoma katika Suratu Maryam, na mfalme akalia. Mamangu hakuwahi kusema "Ethiopia" maishani mwake. Alisema Uhabeshi, na alilisema kama jina la mtaa wa jirani. Nilipokuja kuwa mwalimu wa jiografia nikasimama mbele ya ramani, nikapima kwa rula, nikaona ni kweli: nchi hii tunapakana nayo, na katika shule nzima hapakuwa na mtu aliyefika.

Watu huniuliza niliwezaje kwenda mara kumi na moja kwa mshahara wa mwalimu, nikiwa na watoto wanne. Hapakuwa na siri. Kila Desemba nilikwenda kusahihisha mitihani ya taifa, kazi ya kuumiza macho na shingo, na malipo yake hayakuingia kwenye hesabu ya nyumba. Yaliingia kibubuni. Agosti shule zikifungwa, kibubu kikiwa kizito, nakivunja naondoka. Kikiwa chepesi nangoja mwaka mwingine. Sisi Wakenya hatuhitaji viza kule, kwa hiyo gharama ilikuwa nauli, kitanda na chakula. Mke wangu aliukubali mpango huo kwa sharti moja, kwamba aruhusiwe kuusema vibaya. Kibubu akakiita mahari, na Ethiopia akaiita mke mwenza. "Mke mwenzangu hajambo?" ndilo swali lake kila niliporudi, mbele ya wageni pia.

Njia ya zamani siitamani tena. Kutoka Isiolo hapakuwa na basi la maana. Ulipanda lori, juu ya magunia, mkafungwa kwenye msafara wenye askari kwa ajili ya shifta, majambazi wa njiani, mkalala Marsabit, kisha jangwa la Dida Galgalu, mawe meusi mpaka macho yanachoka, na vumbi linaloingia hata kwenye chakula ulichofunga kwa nailoni. Siku mbili. Leo ni lami tupu, unalala Nairobi ukiamka unakaribia Moyale. Vijana wa sasa wakinisikia nikisimulia wanadhani natia chumvi.

Tatizo la mpango wangu lilikuwa Agosti yenyewe. Ethiopia ina miezi kumi na mitatu, na kwa miaka mingi watu wa utalii waliinadi kama nchi ya miezi kumi na mitatu ya jua. Mimi jua hilo sikuliona. Agosti ni kiini cha masika yao. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na mtu wa Mombasa anayeshuka pale na shati la mikono mifupi anajionea. Siku ya pili nilinunua gabi, shuka zito la pamba wanalojitanda hata watu wazima barabarani, na hilo gabi ninalo mpaka leo. Hata hivyo Agosti haikuninyima kila kitu. Wenzangu waliokwenda kuyaona maporomoko ya Abay, yaani Nile ya Buluu, wakati wa kiangazi waliona michirizi ya maji. Mimi niliyaona karibu na Bahir Dar yakiwa ukuta wa matope, yanavuma, yanamwaga udongo wa nyanda za juu kuelekea Sudan na Misri. Niliporudi darasani sikuhitaji tena kitabu kueleza kwa nini mafuriko ya Nile yalikuwa yakija wakati Misri haina hata tone la mvua.

Ila walichoniambia wote ni kwamba nisipoiona Septemba sijaiona nchi. Septemba mvua inakatika, mwaka mpya unaingia, na milima inageuka manjano kwa maua yanayoitwa adey abeba. Septemba mimi niko darasani, muhula wa tatu, watahiniwa wananitazama.

Lugha yao, Kiamhari, niliianza kwa mzaha. Kando ya barabara Addis huuzwa karatasi za ukutani za watoto wa shule za kuanzia: safu 33 za herufi, kila herufi ina sura saba kufuata irabu. Niliitundika nyuma ya mlango wa jikoni, nikawa nasoma safu moja nikingoja chai ichemke. Ilinichukua karibu mwaka. Neno la kwanza kulisoma peke yangu kwenye bango lilikuwa buna, kahawa, na nikacheka mwenyewe njiani, kwa sababu sisi nasi tunaiita buni kabla haijakaangwa. Shay ni chai. Selam haihitaji tafsiri. Lakini Kiamhari kina mitego yake. Neno lao la kukubali, "sawa", ni ishi, na mtu wa pale akiwa kwenye simu hulirudia, ishi, ishi, ishi, nawe Mswahili umekaa pembeni unasikia mtu akimwamrisha mwenzake aendelee kuwa hai.

Kuhusu chakula, nitasema kweli: mara ya kwanza injera, mkate wao mpana mwembamba, ilinishinda. Ni chachu, ni laini kama sponji, na imekunjwa kama kitambaa. Siku ya nne nilikuwa nachovya mchuzi bila kuwaza, na leo nikikaa nyumbani miezi mingi ni hiyo chachu ninayoitamani. Kwa Mwislamu kuna jambo la kujua mapema. Kule Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, wala Mwislamu hali ya Mkristo, na hakuna anayeona vibaya. Ukiingia mkahawa usiojua ni wa nani, agiza chakula cha mfungo, ye-tsom. Wakristo wa Orthodox hawali nyama, maziwa wala mayai siku za Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo yao mirefu, kwa hiyo utaletewa sinia ya injera yenye dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), mboga za majani, kiazi sukari, kila kimoja na rundo lake. Nimekula hivyo majuma mazima, sikuhisi nimekosa kitu. Nyama mbichi wanayoipenda wengi wao niliikataa kila mara na nitaendelea kuikataa.

Harar nilifika safari ya tatu, nikajuta kuchelewa. Mji umezungukwa na ukuta wa karne ya 16, vichochoro vyembamba vya kupita watu wawili kwa kubanana, misikiti kila baada ya hatua chache, mingine midogo kama chumba. Nilipoingia nyumba ya Kiharari niliona ukumbi wenye ngazi pana za kukalia, zimetandikwa mazulia, na kila ngazi ina watu wake kwa heshima zao, na ukutani vyungu, sahani na vikapu vya rangi. Nikamwambia mwenyeji, huu ni upenu wa nyanyangu mliouhamisha. Jioni akanipeleka nje ya ukuta kutazama fisi wakilishwa. Mtu anawaita kwa majina, wanatoka gizani, wanachukua nyama kwenye kijiti alichokiuma kwa meno. Alinipa kijiti. Nilikishika kwa mkono, mkono umenyooka kadiri ulivyoweza kunyooka, na sioni haya kusema hivyo.

Si kwamba walinibebea maua kila nilipokwenda. Merkato, soko kubwa la Addis, waliniibia pochi mchana kweupe. Kuna dereva aliyenitoza nauli mara tatu, akanivutia ile pumzi ya ndani nilipomuuliza kama ana uhakika. Nilikasirika, nikarudi tena baada ya miaka miwili.

Mwaka 2003 kwenye basi la Addis nilikaa na mwalimu mwenzangu wa jiografia kutoka Mekelle, mji mkuu wa jimbo la Tigray. Tulibishana kuhusu Bonde la Ufa mpaka abiria wakatuomba tunyamaze. Urafiki ukashika. Mwaka 2009 alinichukua kwao, na mamake akanilisha gursha, tonge kubwa analokusokotea mwenyeji na kukutia kinywani kwa mkono wake. Kukataa ni kutukana. Nilifungua kinywa kama kinda. Kesho yake akanipeleka Negash, kaskazini kidogo ya Wukro, penye msikiti unaobeba jina la yule mfalme wa hadithi za chuoni. Yeye ni Mkristo. Mlangoni alivua viatu kabla yangu, akaniambia, "Nasi kanisani tunavua." Nilisali rakaa mbili pale nikimwombea mwalimu wangu wa chuo, aliyetuchapa ili tusilisahau jina la Najashi.

Novemba 2020 vita vikaanza Tigray na simu zikakatwa. Kila Ijumaa nilipiga. Namba haipatikani, na sauti ya mashine ilisema hivyo kwa Kiamhari kwanza. Kile Kiamhari changu cha nyuma ya mlango wa jikoni kikawa kinanitosha kuelewa kila neno la ile sauti. Msikiti wa Negash nao ulipigwa, picha zake nikaziona. Miaka miwili ile sikuweka kitu kibubuni. Mke wangu aliacha ule mzaha wake. Usiku mmoja aliniuliza tu, "Hajapatikana?" Nikamwambia hajapatikana.

Mkataba wa kusitisha vita ulitiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022. Simu iliita miezi michache baadaye. Zamani alikuwa akiniita wendime, ndugu yangu. Safari hii alisema "Gashe", kama wanavyomwita mtu mzima anayeheshimiwa, nikajua tumezeeka sote kwenye ule ukimya. Mamake alifariki. Alikuwa na sukari, na dawa hazikuwa zikifika. Sikujua la kusema kwa Kiamhari. Nikasema pole, kwa Kiswahili, akaelewa.

Mwaka 2023 nikastaafu. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima Septemba ilikuwa yangu. Nikachukua sehemu ya kiinua mgongo nikanunua tikiti mbili za ndege, moja ya mke wangu, aje amwone mke mwenzake uso kwa uso. Huko Amhara kulikuwa kumechafuka tena, kwa hiyo Bahir Dar na Lalibela tuliziacha. Tukakaa Addis. Rafiki yangu akaja kwa ndege kutoka Mekelle, amekonda, mvi zimemjaa.

Tarehe 11 Septemba niliamka mapema, nikavaa kanzu mpya, nikamwamsha mke wangu avae, tukashuka ukumbini. Nikamwambia mama mwenye nyumba ya wageni maneno niliyoyafanyia mazoezi ndegeni, enkwan aderesachihu, hongera za mwaka mpya. Akanitazama kanzu, akaziba mdomo kwa kiganja. Leo ni tarehe sita Pagume, akasema. Mwezi wao wa kumi na tatu una siku tano, na kila mwaka wa nne una siku sita. Mwaka wa siku sita ulikuwa ndio huo, na mwaka wao wa 2016, maana kalenda yao iko nyuma ya hii yetu, ungeingia kesho yake. Mimi, mwalimu wa jiografia, niliyewacheka vijana wawili wa Moyale.

"Miaka 29," mke wangu alisema, "na siku yake ya kuzaliwa huijui."

Kesho yake wasichana wadogo walikuja mlangoni na vishada vya maua ya manjano, wamevaa magauni meupe, wanaimba na kupiga makofi. Mke wangu aliwapa pesa nyingi kuliko inavyotakiwa, nikanyamaza. Rafiki yangu akaomba kahawa itengenezwe kama alivyokuwa akiitengeneza mamake: majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, buni zinakaangwa mbele yetu na kupitishwa kila mtu anuse moshi wake, kisha jebena, birika la udongo, juu ya makaa. Duru ya kwanza huitwa abol. Ya pili, tona. Mke wangu alikunywa zote mbili, akafunika kikombe kwa mkono, akasema mimi basi, nimetosheka, moyo utaniruka.

Rafiki yangu alimwambia bado moja, na jina lake ni bereka.

"Ni nini hiyo?" akaniuliza.

"Baraka," nikamjibu.

Akaondoa mkono, akanyoosha kikombe.